Visiki Kumi na Kimoja vya Waridi

Shina bichi la waridi likikatwa halinukii kama ua lake. Linanukia tango lililopondwa. Mimi nauza vitenge sokoni Baraka, na pua yangu imezoea samaki wa meza ya jirani, lakini harufu ile ikinifikia, mikono yangu inajificha yenyewe chini ya meza.

Nilikuwa na miaka tisa tuliporudi kutoka kambini Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Baba hakurudi; aliuawa njiani siku tuliyokimbia. Nyumba ilikuwa imechomwa, na kiwanja kilikuwa kimejaa mihogo ya jirani yetu, Baba Asende, aliyedai kwamba pale hapakuwahi kuwa na mpaka.

Kwetu, mtu asiye na karatasi huulizwa alipanda nini. Ulichochomeka kwa mkono wako ndicho kinachokusemea mbele ya shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa. Mama alikuwa amepanda waridi mpakani, lile la kichaka, lenye vijiua vidogo na miiba isiyo na adabu, kutoka vijiti alivyoomba kwa masista. Alimwambia shefu, "Nilipanda kumi na moja, toka njiani mpaka kwenye mufereji." Shefu akasema atakuja kesho saa sita, aone mwenyewe.

Kosa la Mama ni kwamba aliyasema hayo Baba Asende akiwa amesimama palepale. Mimi leo hata bei ya kitenge siitaji mpaka nione mkono wa mnunuzi umeingia mfukoni.

Kesho yake asubuhi tulivitafuta visiki ndani ya mihogo. Vilikuwa vimekatwa, vimechomwa, vimekanyagwa, na bado vimetoa machipukizi mekundu. Nilihesabu kumi na moja. Nikarudi nikahesabu tena: kumi na moja. Sijamaliza kufurahi, Baba Asende akatokea na wanawe wawili, majembe mabegani.

Hawakusalimia. Walianza upande wa njiani. Jembe lilishuka, kisiki kikang'oka na udongo wake. Cha tatu Baba Asende hakuwaachia wanawe; alikichimba mwenyewe kwa mikono, polepole. Mama alimshika kijana mkubwa, akapigwa mpini kifuani. Akaanguka, akasimama, akapigwa tena.

"We Mama Riziki, toka hapa," Baba Asende alisema. "Batoto banafanya kazi."

"Kazi gani? Hata mwizi anangojeaka giza."

"Toka. Batakuumiza."

"Si bamekwisha kuniumiza? Bamalize."

Nilimrukia kijana mdogo, nikamng'ata mkono mpaka nikasikia mfupa. Alinibamiza chini, mdomo ukapasuka. Nikiwa palepale chini nilihesabu: vimebaki vinne. Viwili. Kimoja, na hicho Mama alikuwa amekilalia, mikono yote miwili imefumbata shina. Walimvuta miguu. Kadiri walivyovuta ndivyo miiba ilivyomchana viganja, na damu ikashuka kwenye shina kama maji kwenye kamba. Yule mkubwa akamkanyaga mkono. Nilisikia kidole kikivunjika. Hakuachia.

"Huyu mama iko kichwa nguvu," yule mdogo alisema, akihema, karibu kwa heshima.

Shefu alimkuta hivyo. Alitazama kile kisiki, akahesabu mashimo kumi yenye udongo mbichi, akasema hajawahi kuona mtu akihangaika hivi kung'oa kitu ambacho hakikuwapo. Kiwanja kikawa chetu. Baba Asende hakubisha. Kuanzia siku ile sikumsalimia tena, na kwetu kumnyima mzee salamu ni tusi zito.

Miaka ikapita, nikapata mnunuzi wa kona ya kiwanja upande wa njiani, mtu wa kujenga duka. Mama akakataa. Ndipo aliponieleza kwamba, aliporudishia vijiti vipya kwenye yale mashimo, kwenye lile la tatu jembe lake liligonga kandambili ya mtoto, na mifupa midogo juu yake. Akachimba kidogo pembeni, akakuta na mifupa ya mtoto wa pili. Akajua ni mabinti wa Baba Asende, waliouawa na watu wenye bunduki sisi tukiwa ng'ambo, na ambao kaburi lao hakuna aliyewahi kulionyeshwa. Baba yao aliwazika haraka, mahali pa kwanza palipolimika. Mama alifunika, akapanda waridi juu yao, akanyamaza.

"Angesema tu," nilimwambia. "Kaburi linashinda mti. Kiwanja angekichukua."

"Angesema, shefu angetaka kuona. Bangefukua batoto."

Mtu yule alikubali kumpiga mjane mchana kweupe na kuitwa mwizi na avenyu nzima, ili jembe la mtu mwingine lisishuke pale. Na Mama, mwenye mkono usiofumba vizuri mpaka leo, alilijua hilo miaka yote niliyokuwa namchukia kwa niaba yake.

Nilimwambia mnunuzi hapana tukiwa tumesimama njiani. Akaongeza bei. Akaongeza tena. Nilimwacha aongeze, kwa sababu Baba Asende alikuwa anapita na fimbo yake, akipunguza mwendo kwenye kona, na nilitaka nimuwahi mimi kwa salamu.