Bomba Linalouma na Fundi Asiyeliamini

Saa tatu asubuhi, fundi umeme amepiga magoti uchochoroni, nyuma ya jengo la ghorofa tatu, testa ya kupimia umeme mkononi, macho kwenye bomba la maji. Hathubutu kuligusa.

Bomba hilo linauma. Juzi lilimrusha kwa umeme binti wa fundi mwenyewe, mpangaji wa chini, akiwa amempakata kichanga anataka kumwogesha. "Mtoto hakudondoka kwa kudra za Mungu tu," anasema fundi, bibi wa kichanga hicho.

Jengo lina umeme wa gridi, wa jenereta, na wa sola iliyo juu ya paa. Watu huzima swichi moja wakadhani nyumba nzima imelala. Mume wa fundi, naye fundi umeme, alinusurika chupuchupu hivyo hivyo: alizima wa gridi, jenereta ikajiwasha yenyewe. Mkono wake wa kushoto haujanyanyuka tangu hapo.

Siku hizi, mkewe akiwa kazini, kazi ya mzee huyo ni kukaa kitini mbele ya swichi. Zote zimefungwa kufuli, funguo kazikalia.

"Mzee, tuwashie basi, friji linayeyuka!" mpangaji anapiga kelele toka juu.

"Shuka uninyanyue! Mke wangu ana mikono miwili, nataka abaki nayo."

Watu wanacheka. Fundi hacheki. Swichi zote zimezimwa, na bado testa inawaka bombani.

"Huu nao unatoka wapi?" anajiuliza.

Anapanda ngazi, anabisha mlango kwa mlango. Ghorofa ya pili, kinyozi anajikuna kichwa. "Mama, usimwambie mwenye nyumba. Nina kibetri changu uvunguni, mashine ya kunyolea isinizimikie."

Betri ina kigeuza umeme, yaani inveta, na waya wake wa ardhi kaufunga kwenye bomba la bafuni. Zamani umeme uliovuja ungeshuka na bomba hadi ardhini. Lakini kipande kinachoingia ardhini kilipasuka, kikawekwa cha plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Basi unabaki bombani, unamngoja mtu.

"Mwanangu, ulitaka kuniulia mjukuu," fundi anamwambia, taratibu. Kinyozi anazima mwenyewe, macho chini.

Mchana kutwa anaunganisha nyaya za ardhi za gridi, jenereta, sola na betri, pamoja na mabomba, kwenye kipande kimoja cha shaba kilichoshikwa na ardhi. "Ziwe ndugu, isiwepo moja yenye umeme na jirani yake hana."

Testa haiwaki tena. Analigusa bomba kwa mgongo wa kiganja. Kimya.

Binti yuko mlangoni na beseni. "Mama, nimwogeshe?"

"Bado. Mchukue twende, ukamwogeshee kwangu."

Hofu haijamtoka. Leo kapata betri moja. Nani mwingine kaficha yake? Anapanga kurudi na mumewe, wapite chumba hadi chumba, kisha aandike ukutani, kando ya swichi, kila umeme uliomo humu.

"Nikitoka chumba cha mwisho," anasema, "nitamwogesha mimi mwenyewe, kwa bomba hilihili."