Naenda Nikikuja

Mimi ndiye niliyesema filamu ile ipite kwangu kwanza. Katika nyumba yetu mtaani Tena kila kitu hupita kwangu: mboga, sare za shule, hata marafiki wa watoto. Kijana wetu wa miaka minane alikuwa amenisumbua wiki nzima kuhusu yule shujaa anayepaa, ambaye darasani kwake kila mtu ameshamwona. Kijana sikumhofia. Nilimhofia dada yake wa miaka mitano, ambaye akiona kuku akichinjwa haendi jikoni siku mbili.

Basi Ijumaa nikaitazama peke yangu kwenye simu, sauti chini, kama mwalimu anayesahihisha insha. Nikahesabu ngumi. Nikakagua mavazi. Matusi nilipata mawili, tena ya Kiingereza cha mbio ambacho watoto wangu hawawezi kukishika. Kuna mahali shujaa anamezwa na dude litokalo ardhini, lakini mwishowe anatoka mzima. Nikasema haya, itazamwe.

Baba yao ndiye niliyemtuma akainunue pale karibu na steji ya matatu. Mume wangu ni dereva wa lori, huenda Malaba mpakani na kurudi, na akiwa nyumbani hajui kuwakatalia watoto kitu. Akarudi na flashi. Kumbe amechukua ile ya dijei, zile filamu ambazo mtu huongea juu ya Kiingereza, akiwasemea wahusika wote kwa Sheng na kuongeza chumvi yake.

"Ndio washike stori," alisema, akijivuna. Sikuona ubaya. Filamu si ni ile ile?

Jumamosi mchana tukabanana kwenye kochi na bakuli la njugu. Kusema kweli ilikuwa tamu kuliko ile yangu. Dude lilipopiga chafya, dijei alisema limevuta vumbi la Tassia, mtaa wa jirani, na mume wangu akacheka hadi njugu zikamwagika. Kisha shujaa akapiga magoti kumuaga bintiye mdogo. Kwa Kiingereza alikuwa amesema maneno marefu, hata siyakumbuki. Dijei alimfupishia, kama watu wanavyoaga wakitoka kidogo.

"Usilie, mrembo. Naenda nikikuja."

Punde si punde dude likammeza.

Binti yangu alitoa yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, akamrukia baba yake na kumkaba shati. Mimi nina hasira za karibu. Sikuuliza, nikang'oa waya wa TV ukutani.

"Mum, si ungengoja!" kijana alilalamika. "Stering hakufangi!"

Nikamwambia anyamaze, stering wake, huyo shujaa asiyekufa, ataleta ndoto mbaya nyumbani.

Jioni mume wangu alisimama ateremke kununua maziwa. Akafungua mlango na kusema kwa mazoea, "Naenda nikikuja." Mtoto akakimbia akajibandika mlangoni.

"Daddy, usiende! Unasemanga hivyo na hukuji!"

Hapo nilihisi uso ukinichoma. Ni kweli. Kila akienda Malaba, mume wangu husema maneno hayo hayo, kama mtu anayekimbilia mkate dukani, kisha anapotea siku nne. Mimi ndiye niliyemfundisha, ili mtoto asilie. Na hakuwa akilia, nami nikadhani nimefaulu. Ngumi zote nilizihesabu, hilo sikulihesabu.

Maziwa nilienda kununua mimi. Niliporudi, mume wangu aliniambia jikoni, polepole, "Hasira hasara, mama watoto. Ungeiacha iendelee, angemwona shujaa akirudi."

"Na wewe ungemwambia unakoenda," nilimjibu, ingawa nilijua ninajisema mwenyewe. Yeye, Mungu ambariki, hakunikumbusha wazo lilikuwa la nani. Alichukua sufuria akaanza kupika chai.

Jumapili tulipotoka kanisani nilichomeka waya mwenyewe. Kijana alikaa karibu na dada yake akimwambia, "Tulia, anacome." Binti alitazama kupitia vidole, amekaa mapajani mwa baba yake. Shujaa alipotoka tumboni mwa dude, amejaa matope, dijei akapiga kelele, "Si nilisema naenda nikikuja?" Sisi watatu tukashangilia. Binti hakushangilia. Aligeuka akamkagua baba yake usoni kwa muda mrefu.

Jumatatu asubuhi mume wangu alichuchumaa mbele ya binti yetu mlangoni, mfuko begani.

"Mami, naenda Malaba. Ni mbali. Nitalala huko siku nne."

"Nne?"

"Nne."

Alilia. Alilia sana, machozi yale yale niliyoyakwepa miaka yote, na mimi nilisimama pale na sega mkononi nikayaacha yatoke. Nilimpenda kuliko siku zote, yeye na baba yake. Alipomaliza, alikunja vidole kimoja kimoja hadi vinne, akapangusa kamasi kwa mkono wa sweta, akamshika baba yake shavuni.

"Sawa," alisema. "Enda ukikuja."

Mume wangu aliinama haraka kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa makubadhi, yasiyo na kamba.