Mwanamke wa Maharagwe

Mwaka ule wa 1992, kila Ijumaa watu wakitoka msikitini mtaani Biryogo, Kigali, mwanamke wa maharagwe alifika kibarazani kwa Silvère, mpiga chapa wa barua za watu. Alikuwa na shahada ya udaktari wa mbegu, na kucha zake hazikutoka udongo. Alikuwa akitafuta nafasi ya utafiti wa maharagwe katika chuo kikuu cha ng'ambo, na vyuo kadhaa vilikuwa vimeshamkatalia. "Tupige tena," alisema kila mara, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, huku akichezea punje za maharagwe kiganjani kama tasbihi. Alimtajia Silvère maneno polepole, hata nukta aliitamka, na herufi moja ikikosewa, waraka wote ulianza upya.

Ijumaa moja vidole vya Silvère vilitangulia maneno ya mwanamke. Vilipiga jina, mahali alipozaliwa, kisha, kwa mazoea ya maombi ya kazi ya Kigali, vikapiga "Kabila" na kungoja. Mwanamke akaichomoa karatasi kwenye mashine, akaifinyanga ikawa kidonge. "Madamu, iko kawaida," Silvère alinong'ona, jicho njiani. "Bila hiyo watauliza." Mwanamke akapanga punje zake juu ya mashine: nyekundu, nyeusi, ya madoadoa. "Basi hapo andika maharagwe," alisema, na sauti ikafika hadi kwa washonaji ng'ambo ya njia. "Hayo ndiyo waniulize. Na usinong'one, hatujaiba kitu." Cherehani zikanyamaza. Silvère akaweka karatasi mpya, akapiga "Maharagwe" kwa nguvu, herufi moja moja, mtaa mzima ukisikia.