Stokingi Kwenye Injini ya Ndege

Nyinyi mnaonijua kama fundi wa injini hapa mtaani Skuta, nichekeni tu. Jumapili watu walijaa uwanjani Kiganjo kuona ndege ndogo ya rimoti niliyounda na rafiki yangu Salim. Injini ikakohoa, ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, ikaishiwa nguvu. Nikabadilisha plagi, nikakaza silensa ya kutolea moshi. Wapi! Watu wakaanza kucheka, nami nikapandwa na hasira.

"Salim, umetia maji kwenye mafuta!" nikasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Baba Wanja, mimi? Ati maji?" akaniuliza. Akachukua koti lake akaondoka.

Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, akainama pale injini inapovutia hewa. Asubuhi nilikuwa nimepafunga kitambaa kuzuia vumbi, vile tunavyofunga mashine za kukatia nyasi ya ng'ombe. Nilisahau kwamba injini hii ni ndogo kama ngumi, haiwezi kupumua hivyo.

"Si hii ni stokingi yangu ya kanisa?" akauliza mbele ya watu. "Na umeikunja mara mbili!"

Akaivuta. Nikawasha injini, ikanguruma vizuri kabisa. Salim, aliyekuwa amefika barabarani, aliisikia. Hakugeuka.