Nilivyoishiwa Pumzi Ukweni, La Paz

Mama ndiye aliyenituma. Mdogo wangu Solange alikutana na Marcelo, kijana wa Bolivia, chuoni Westville, hapa Durban, wakaoana, akamfuata kwao La Paz. Tangu hapo kila tukimpigia simu jibu lake ni moja, la Kifaransa: ça va, yaani mambo yako sawa. Mama haiamini ça va. Anasema hilo ni jibu la mtu asiyetaka kuulizwa mara ya pili. Magoti yake hayamruhusu safari ndefu, kwa hiyo alinikalisha sebuleni kwetu Glenwood akanipa kazi.

"Enda ukaone na macho yako," akasema, "kama banamupenda ao banamuvumilia tu."

Nilikubali haraka, na si kwa upendo peke yake. Hapa Durban mimi ndiye msemaji wa harusi za Wakongo. Nikisimama kuongea na upande wa bwana harusi, wali unapoa na hakuna anayelalamika. Wakwe wa La Paz walikuwa hawajamwona mtu yeyote wa kwetu, na nilitaka wajue kwamba binti yetu hakuokotwa barabarani. Nikaandaa hotuba. Solange angeitafsiri kwa Kihispania.

Kutoka Durban nilipita Johannesburg, kisha São Paulo, kisha uwanja mwingine ambao jina lake lilinipita nikiwa usingizini. Ndege ya mwisho ilinishangaza, maana sikuhisi ikishuka. Ilikuwa ni ardhi iliyopanda kutupokea. Uwanja uko juu kabisa, kwenye mji uitwao El Alto, na La Paz yenyewe iko chini yake ndani ya bonde. Nyumba zimeng'ang'ania kuta za bonde lile kama ugali ulioshika kuta za sufuria.

Ilikuwa asubuhi na mapema. Solange alinipokea kwa kilio na kicheko pamoja. Nilimkagua kama mtu anayenunua mbuzi: hajakonda, koti lake ni zuri, pete ipo. Akaniomba mimi mkubwa wake, Yaya kama tunavyosema kwetu, nipumzike, kwa kuwa ukweni tulikuwa tunangojewa jioni.

"Yaya, lala kwanza. Huku hewa iko kidogo."

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtoto wa Bukavu, nimezaliwa mlimani, na milima inanijua.

"Ulitoka Bukavu zamani, Yaya. Sasa uko mutu wa beach."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikunywa kikombe cha chai ya majani ya koka, ambayo kule ni halali na hunywewa hata na mabibi, nikatangaza kwamba nataka kuona mji.

Saa tatu tulikuwa hewani. Watu wa La Paz hawakupata nafasi ya kupanua barabara, kwa hiyo wamefunga nyaya juu ya mji na kuning'iniza vyumba vidogo vya vioo, na humo ndimo wanamoendea kazini. Tulipita juu ya paa zenye mbwa wanaoota jua, juu ya uwanja wa mpira, juu ya nguo za ndani za watu nisiowajua. Mbele yangu aliketi mama mmoja mwenye sketi pana na kofia nyeusi ya duara iliyowekwa utosini bila kufungwa na chochote. Nilisubiri ianguke safari nzima. Solange alinifinya niache kukodoa macho.

Mchana, sokoni, nilioneshwa viazi vya kila rangi, hata vingine vyeusi na vikavu ambavyo hugandishwa na baridi ya usiku kisha huanikwa juani. Nikaulizia unga wa muhogo, nikachekwa. Ili kujifariji nikala sahani nzima ya nyama ya nguruwe ya kukaanga na mahindi yenye punje kubwa kama kucha ya dole gumba. Solange alisema nile kidogo. Nilimwambia anapenda kuogopa.

Alasiri tukaanza kupanda mitaa na ngazi kwa miguu kwenda ukweni, na hapo milima ikakataa kwamba inanijua. Kichwa kilipiga ngoma, miguu ikawa ya mtu mwingine. Bibi mwenye mzigo mgongoni alinipita, akanisalimia, akaendelea kupanda. Sijawahi kuipenda robot nyekundu kama siku ile; pale taa ya barabarani ilipotusimamisha nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Jioni familia yote ilikuwa sebuleni, na katikati yao Mama Felipa, mama mkwe wa Solange, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopoteza kitu. Nikasimama. Nilianza na methali, kama kawaida yangu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilifika kwenye "njoo", pumzi ikakatika. Nikajaribu tena, nikafika palepale. Nikakaa chini kabla sijaangushwa.

Mama Felipa akauliza nilikuwa wapi tangu asubuhi. Solange akaeleza: nyaya, soko, nguruwe, ngazi. Basi yule mama akamgeukia kwa kidole na sauti ya juu, mbele ya watu wote. Marcelo alininong'oneza kwamba anamuuliza amekosa akili gani, kumtembeza mtu aliyeshuka kwenye ndege leo. Damu ikanichemka. Nikajiambia: kumbe ndiyo maana ya ça va. Nilitaka kuinuka nimtetee dada yangu, lakini hata hasira inataka hewa.

Nikabaki kutazama tu. Solange hakunyamaza, alijibu, akanisonta mimi, akajibu tena. Na Mama Felipa, mdomo ukiwa bado unagombeza, mikono yake ilikuwa inamfunga Solange skafu vizuri shingoni, maana mlango ulikuwa wazi na baridi imeingia. Kisha akamgeukia Marcelo kwa kidole kilekile.

Usiku, nikiwa nimelazwa chini ya mablanketi mazito, nilimuuliza Solange kama anagombezwa hivyo mara nyingi.

"Kila siku," akasema. "Mwaka ya kwanza alikuwa ananiitaga Señora, ni kama Madame, ananipa kiti ya wageni. Eish, Yaya, nililia ile mwaka."

Nilikaa siku chache zaidi, nikila kidogo na kutembea polepole. Hotuba sikuitoa, na hakuna aliyeidai. Nilijifunza kwamba kuna nyumba ambazo msemaji akifika anakuta kazi imeshafanyika.

Nilipofika Glenwood nilianza kumsimulia Mama habari za nyaya, kofia na viazi. Akaniinulia mkono. Nikamwambia kwamba mama mkwe alimgombeza Solange mbele ya watu wote.

Mama akauliza, "Na yeye akajibu?"

"Alijibu."

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, machozi yakimtoka.

"Basi," akasema, "mutoto iko kwabo."