Neno Nililolisema Kisimani

Nilipokuwa mtoto niliamini, kama watoto wote wa kijiji chetu nje ya Urambo, kwamba bibi kizee mwenye macho mekundu ni mchawi. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha. Tulilinywa jambo hilo pamoja na uji. Ajabu ni kwamba tulikuwa wakulima wa tumbaku, na msimu wa kukausha ulipofika kila aliyechochea moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani, alikuwa na macho mekundu. Ya wanaume hayakumsumbua mtu.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Alikuwa na bani moja, na moto wa bani hauachwi upoe, majani yataharibika. Kwa hiyo wiki nzima aliamka usiku mara tatu, mara nne, kwenda kuongeza kuni, akarudi kitandani ananuka moshi.

Mwaka ule Kashinje, mtoto wa jirani yetu Mama Shija, alikufa kwa homa. Alikuwa na miaka mitatu, na Bibi ndiye aliyempokea alipozaliwa. Siku ya pili ya msiba nilikwenda kisimani, nikawakuta akina mama. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Eti mwanangu, bibi yako usiku hulala?"

"Halali," nikasema. "Hutoka."

Wote wakanigeukia, wakanitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo na watu wazima, na nilipenda. Habari ya bani sikuitaja. Wao pia walikuwa na mabani yao, walijua vizuri mtu hutoka kufanya nini. Lakini walikuwa wanatafuta wa kumlaumu, nami nikawapa.

Jioni Bibi alipeleka unga msibani, kama kila nyumba ilivyopeleka. Mama Shija akaumwaga mchangani mbele za watu. Bibi akasema, "Pole, mayu," yaani mama kwa kilugha chetu, akaokota ungo wake, tukarudi nyumbani. Toka siku hiyo hakuna aliyempa shikamoo. Baada ya matanga vijana wakaja kumwambia ahame kabla hawajamhamisha wao.

Mjomba wangu alifika kutoka Tabora akiwa amefura kwa hasira. Alitaka jina la aliyeanzisha maneno, amshikishe adabu. "Mama, nani kasema?"

Bibi alikuwa ananisuka. "Simjui," akajibu, na vidole vyake havikusimama.

Asubuhi ya kuondoka alipika uji wa ulezi, akanituma nimpelekee Mama Shija. Nikakataa. Nikasema amemwaga unga wetu, namchukia.

"Umchukie kwa lipi? Amefiwa," akasema. "Nenda, mjukuu wangu. Aliyezika mtoto hasikii njaa mpaka aanguke."

Nikaupeleka. Mama Shija aliupokea, akauweka chini. Sijui kama aliunywa.

Tuliishi miaka sita katika chumba kimoja cha kupanga huko Kitete, mjini Tabora, Bibi akiwa hana hata tuta moja la viazi. Hakuuzoea mji, na nilimwona akizeeka haraka. Alipougua mara ya mwisho nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamweleza habari ya kisimani. Nililia hata nikashindwa kumaliza.

"Najua," akasema. "Niliambiwa siku ile ile. Ulikuwa mtoto, ukiyaogopa macho yangu. Ningekutaja, ungekua ukiitwa mtoto aliyemponza bibi yake."

Alifariki wiki hiyo, tukamzika mjini, mbali na shamba lake.

Leo nina watoto wangu, na watu husema mimi ni mpole, nikionewa silipizi. Wananisifu bure. Kifua kinachemka kama cha mtu yeyote, na maneno makali ninayo. Ila kila nikitaka kuyasema namkumbuka mwanamke aliyefukuzwa kwake kwa neno langu, ambaye kwa miaka sita, kila asubuhi, alinimiminia chai na kuniuliza kama nimelala salama.