Kolachi ya Etelka

Tanuri la udongo la Etelka lina mdomo mpana mno. Marehemu mumewe alikuwa akisema siku wakigombana vizuri atahamia humo. Wanawake wote wa uchochoro wetu hapa Banat, eneo la mpakani lenye mataifa mengi, tunapeleka donge letu la unga kwake. Wote tunaoka mkate uitwao kolachi, na hakuna anayekubali kwamba kolachi ya mwenzake ni kolachi.

Floarea, Mromania, yake ni pete ya mkate anayogawa kwa ajili ya wafu wake. Zuzana, Mslovakia, anapaka jamu ya plamu juu na kuila na kahawa. Etelka ni Mhungaria, yake ni tamu, ina maziwa na siagi, imesukwa kama nywele za msichana. Sisi Waserbia, kolachi ni mkate wa mtakatifu wa nyumba. Padri huubariki mara moja kwa mwaka.

Siku moja padri alitueleza kwamba jina hilo lilianzia kwenye neno la mababu zetu la gurudumu, kwa kuwa mkate ni wa duara, na majirani wakalichukua kwetu.

"Gurudumu, sawa," Etelka akamjibu huku akifuta majivu. "Na neno lenu la gari la farasi, padri, mlilichukua kwa nani kama si kwetu Wahungaria?"

Padri alicheka mpaka akakohoa. Ndivyo alivyo Etelka. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake na neno la mwisho, wala na tumbo tupu.

Mume wangu Zivko alikwenda kufanya kazi Austria akapata mwanamke huko. Alirudi mara moja tu, na hakuja kuniona mimi. Alikuja kung'oa ukutani picha ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa nyumba yetu. Mtakatifu hurithiwa na wanaume, akasema, kwa hiyo anakwenda na yeye. Ndugu zake wakamuunga mkono. Miaka yote hiyo nani alikanda mkate? Nani aliwapikia maharage na samaki, wakala wakilamba vidole? Sikwenda shule, lakini najua kazi ya mikono yangu.

Nikasema mwaka huu mtakatifu atasherehekewa kwangu, picha iwepo isiwepo. Padri akakubali kuja. Kisha nikateleza kwenye barafu kisimani, nikavunjika mkono.

"Kaa hapo uniamrishe," Etelka akaniambia. "Umezaliwa kwa kazi hiyo."

"Shangazi, ni mfungo. Maji na mafuta tu. Usitie maziwa, wala yai."

"Savka, nimeona mifungo yenu kabla hujaota meno. Nyamaza."

Akakanda kwa maji. Akatengeneza msalaba, ndege na zabibu za unga, vizuri kuliko nilivyowahi kutengeneza mimi. Nilikwenda nyumbani kufagia. Asubuhi ya sikukuu aliuleta chini ya kitambaa, mwenyewe amevaa shali yake nyeusi ya kanisani. Akafunua.

Mkate uling'aa kama kiatu kipya.

"Etelka," nikasema. "Umeupaka yai."

Akaangalia mkate, akaangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Maisha yake yote hajawahi kuingiza mkate tanurini bila kuupaka yai. Mkono ulikwenda wenyewe.

Padri alikuwa ameshafika mlangoni. Shemeji zangu hawakuja, ingawa siku hii kwetu mgeni hangoji mwaliko. Niliona tayari watakavyocheka: hata mtakatifu kamkataa. Padri akainama, akanusa, akatikisa kichwa.

"Siwezi, Savka. Si katika mfungo."

Etelka aliutupia mkate kitambaa. Alitoka mbio bila kufunga mlango, mwanamke wa umri ule, kwenye barafu ile. Alirudi akihema, ameshika kimkate kisichozidi ngumi. Ni desturi ya Wahungaria: unga uliobaki umeganda kwenye beseni hukwanguliwa, ukaokwa pembeni kwa ajili ya watoto.

"Donge lile lile," akasema. "Hiki hakipakwi yai. Nani atapoteza yai kwa makwangulio?"

Padri akakishika, akakigeuza. "Ni cha duara," akasema. "Nani atakizungusha nawe?"

Mkate wetu huzungushwa na mwenye nyumba pamoja na wageni wake. Mgeni alikuwa mmoja. Tukaweka vidole juu ya kimkate kile, vyangu vya mkono mzima, vya Etelka na vya padri, tukabanana, tukakizungusha. Padri akakimiminia divai, kama ilivyo ada. Tukakivunja, tukabusiana. Shali yake ilinuka moshi.

"Na lile dude linalong'aa?" padri akauliza akivaa koti.

"Mimi sifungi," Etelka akasema. Akaukata mkate wa mayai, akakaa kwenye kiti cha Zivko, akala.